Jioni ya mishumaa kwa askari waliokufa vitani: mambo ya kupanga kabla ya kuwasha

Wengi wanaoandaa jioni ya mishumaa kwa ajili ya askari waliokufa vitani huanza kwa kuhesabu mishumaa. Hapa Lubumbashi tungewashauri waanze na orodha ya majina. Mshumaa ukizimika huwashwa tena, lakini jina likisomwa vibaya mbele ya mama aliyelitoa, hakuna mikro (kipaza sauti) ya kulirudisha. Makosa ya moto huonekana papo hapo, na mtu mwenye ndoo ya mchanga huyamaliza. Makosa ya orodha hukaa ndani ya familia miaka na miaka.

Shida ya kwanza ni namna tunavyoitwa. Mkongomani huwa na jina, jina la pili ambalo makaratasi huliita postnom, na jina la ubatizo. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu ulifuta majina ya kizungu, kwa hiyo askari aliyeandikishwa kipindi hicho hana Jean wala Pierre kwenye karatasi zake, hata kama nyumbani hakuna aliyemwita vingine. Familia inaleta jina moja, kambi inaleta lingine, na mwandishi asiye makini anamzika mtu mmoja mara mbili. Shida ya pili ni kufanana kwa majina. Katanga imejaa akina Ilunga, Kasongo, Mutombo, Ngoy na Banza. Msomaji akisema tu "Koplo Ilunga", familia nne zinainua vichwa, na tatu kati yao zinaanza kuulizana kwa macho. Kila mstari wa orodha uwe na cheo, majina yote, kikosi, mwaka, na mahali alipoangukia kama familia inakubali patajwe. Andikeni kwa herufi kubwa, mistari isiyozidi kumi kwa ukurasa, upande mmoja tu wa karatasi. Gizani, kwa mwanga wa tochi ya kichwa, karatasi iliyoandikwa pande mbili hugeuzwa vibaya na ukurasa mzima wa watu unarukwa.

Halafu matamshi. Jeshi la taifa lina watu wa kila pembe ya nchi. Msomaji aliyezaliwa Kamalondo, hapa mjini, atasoma Ilunga hata akiwa usingizini, lakini akikutana na jina la Ubangi, kaskazini-magharibi mwa nchi, linaloanza na Ngb ulimi unakwama. Dawa ni ndogo: siku moja kabla, mpigie simu ndugu wa marehemu, alitamke, uliandike pembeni kwa silabi. Na usimpe mikro mheshimiwa aliyefika dakika ile ile, awe mkubwa kiasi gani. Atasoma kwa haraka na watu watamchekea mdomoni. Wasomaji wawili wanaopokezana, mwanamume na mwanamke, wanatosha. Jina moja na cheo chake, pamoja na kimya kifupi cha kupumua, huchukua kama sekunde 6, yaani majina 100 ni dakika 10. Yakizidi 150, yakateni katikati kwa wimbo mmoja, maana mikono iliyoshika mshumaa huchoka na mikono iliyochoka ndiyo inayomwaga nta.

Kisha kuna wale ambao hakuna anayejua walipo, na hapa tunaomba waandaaji wawe wakali. Askari ambaye familia yake haijapewa habari rasmi hasomwi pamoja na waliokufa, hata kama wenzake wanasema walimwona akianguka. Mke asijulie ujane wake kwenye spika. Tena pensheni yake na haki za watoto zinategemea cheti, si tangazo la jioni, na tangazo la mapema huwasha ugomvi wa ndugu juu ya nyumba na mali kabla jeshi halijasema neno. Majina hayo yawe kwenye karatasi ya pili, yasomwe baada ya dakika ya kimya, kwa maneno tofauti: "hawa tunawangoja". Na kwa vita vinavyoendelea mashariki, usitaje mahali kikosi kilipo sasa. Simu zinarekodi.

Ni askari gani wanaokumbukwa? Katika mji huu swali hilo lina matabaka. Mwaka 1914 vikosi vya Force Publique, jeshi la kikoloni la Wabelgiji, kutoka Katanga vilivuka mpaka kusaidia kulinda Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Wenzao waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na pamoja nao walitembea wapagazi wengi kuliko askari wenyewe, ambao minara huwataja kwa nadra sana. Mwaka 1941 Force Publique ilikuwa Saïo, Ethiopia, Waitaliano walipoweka silaha chini mwezi Julai. Baada ya Katanga kutangaza kujitenga tarehe 11 Julai 1960, askari wa Umoja wa Mataifa nao walikufa kwenye udongo huu. Doria ya Waayalandi 11 ilivamiwa Niemba tarehe 8 Novemba 1960, na 9 kati yao walikufa. Kapteni Gurbachan Singh Salaria wa India aliuawa katika mji huu wenyewe, wakati ule Elisabethville, tarehe 5 Desemba 1961. Upande wa pili walikufa jandarma wa Katanga, askari wa serikali iliyojitenga, ambao wajukuu wao ni majirani zetu. Zikaja vita vya Shaba (jina la Katanga wakati ule) vya 1977 na 1978, yakaja mapigano ya Pweto mwezi Desemba 2000, na sasa Kivu.

Maana yake ni kwamba kwenye benchi moja anaweza kukaa mjukuu wa jandarma na mtoto wa askari wa serikali. Mwandishi wa hotuba akiweka neno "adui" bila kufikiri, amemtukana mtu aliyeshika mshumaa mbele yake. Taja mwaka, mahali na jina. Inatosha. Mwanasiasa akiomba dakika tano, mpe mbili, na umpe mapema, kabla moto haujawashwa. Watu wakishashika mshumaa unaowaka hakuna hotuba wanayoisikia.

Tarehe nayo huamua vifaa. Tarehe 17 Mei ni siku ya jeshi, na tarehe 29 Mei ni siku ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 1 Agosti, Siku ya Wazazi, watu hufika makaburini tangu asubuhi kusafisha, na kesho yake ni kumbukumbu ya Genocost kwa wahanga wote wa vita. Tarehe 2 Novemba Wakatoliki huombea marehemu, na 11 Novemba hukumbusha mwisho wa vita vya 1914–1918. Mei hadi Agosti mvua hakuna, ila kuna baridi na nyasi zimekauka kama karatasi. Makaburini mwezi Agosti mshumaa mmoja ukiangushwa kwenye majani unaweza kula safu nzima kabla ndoo haijafika. Kwa hiyo fyekeni na kufagia ukanda wa mita 2 kila upande wa njia, siku mbili kabla, na majani yaliyofyekwa yaondolewe kabisa. Yakiachwa kandokando mmetengeneza kuni. Novemba shida ni kinyume chake. Mvua ya jioni huja na radi, na uwanja wenye miti mirefu si mahali pa kusimamisha watu 200. Radi ikisikika, kila mtu aingie kanisani au shuleni, mishumaa ikiwa imezimwa. Utambi ukilowa hutema cheche na haushiki moto mpaka maji yote yakauke, kwa hiyo mishumaa ikae kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa mpaka dakika ya kugawa.

Kwa tarehe hizo zote jua hapa huzama dakika chache kabla au baada ya saa 12 jioni, na nusu saa baadaye ni giza. Alikeni watu saa 11. Mkiwa karibu na ofisi ya serikali au kambi, kumbukeni kwamba bendera hushushwa saa 12: kila mtu husimama pale alipo, magari pia, mpaka imalizike. Msipange kuanza kutembea dakika hiyo. Mkiwa njiani au uwanjani, Katiba ya 2006, ibara ya 26, inamtaka mwandaaji aiarifu mamlaka husika kwa maandishi. Barua iende mapema kwa meya au kwa bugumestri, mkuu wa komini (wilaya ya mji), nakala kwa polisi, ikisema saa, njia mtakayopita, idadi ya watu na jina la anayewajibika. Chukueni nakala iliyogongwa muhuri na mje nayo siku ile. Asiye na nakala hiyo huishia kueleza mambo yake kando ya barabara huku watu wanasubiri.

Sasa mishumaa yenyewe. Kwa watu 200 andaeni 240. Buji, yaani mishumaa ya kawaida ya dukani, zenye unene wa sentimita 2 hivi, huungua sentimita 2 hadi 3 kwa saa, na shughuli yote yenye moto haifiki saa moja. Kwa hiyo buji 120 zilizokatwa katikati zinatosha kabisa. Zikatwe kwa kisu kilichopashwa moto, taratibu, kwa kuzungusha. Ukikata kwa nguvu nta inapasuka kwa urefu na itavuja upande mmoja. Kipande cha chini hakina utambi uliotokeza, hivyo kwangua nta mpaka sentimita moja ya uzi ionekane. Utambi mrefu kuliko hapo hutoa moshi mweusi.

Kila mshumaa unahitaji kisahani cha kukinga nta. Boksi la kawaida linafaa: duara la upana wa sentimita 9, katikati chora msalaba kwa ncha ya kisu, usitoboe tundu. Msalaba hubana mshumaa. Tundu hulegea na kisahani huteleza mpaka kwenye vidole wakati nta ni moto. Chini ya kisahani libaki sentimita 5 za kushika. Vikombe vya plastiki vinavyouzwa kwa sherehe tunavikataa. Vile vyepesi vyeupe hujikunja na kuyeyuka moto ukiinama, na vya karatasi huwaka. Upepo ukiwa mwingi, chupa ya maji ya lita 1.5 ni bora: kata sehemu ya juu, toboa kitako kwa msalaba, pitisha mshumaa, halafu fungua matundu manne madogo chini ubavuni. Bila matundu hayo moto hukosa hewa, hupungua na kutoa moshi, na watu hudhani mshumaa ni mbaya. Moto ubaki katikati, mbali na ukuta wa chupa.

Mishumaa ya kuweka juu ya kaburi au kando ya picha iwe ndani ya mitungi ya kioo yenye mchanga wa sentimita 3 chini. Mchanga husimamisha mshumaa na huzuia joto lisifike kwenye kitako, maana kioo chenye moto upande mmoja na baridi ya Juni upande wa pili hupasuka.

Kuwasha ndiko kunakoharibika mara nyingi, na sababu ni hesabu. Watu 200 wakipokezana moto kwenye mstari mmoja, sekunde 5 kila mtu, ni zaidi ya dakika 16. Wa kwanza amechoka, wa mwisho bado yuko gizani anapiga simu. Wapangeni kwa safu 10 za watu 20. Moto wa kwanza ukae ndani ya kandili, ambayo upepo hauizimi, na uwashwe na mjane mwenye umri mkubwa au mpiganaji wa zamani. Kutoka kwenye kandili wanachukua vijana wawili, wanapita mbele ya safu, na kila safu inaanza yenyewe. Chini ya dakika 3 uwanja wote unawaka.

Na namna ya kupokezana ni moja tu. Mwenye moto anasimamisha mshumaa wake wima, hausogezi. Asiye na moto ndiye anayeinamisha wake, anagusisha utambi, anangoja ushike, anauinua taratibu. Ukiinamisha mshumaa unaowaka, kidimbwi cha nta kilicho juu yake kinamwagikia mkono wa mwenzako, yeye anaruka, na mishumaa miwili inaanguka. Lielezeni hili kwenye mikro kabla ya kuwasha, kisha vijana wawili walionyeshe mbele ya watu. Maneno peke yake hayatoshi. Kila mtu anayejua kuwasha sigara anadhani anajua kupokezana mshumaa.

Mavazi ya anayehudhuria: kikwembe (kitenge) cha pamba ni salama kuliko nailoni, na mtandio mwepesi unaopepea ukae nyumbani. Meshi na perike (nywele za bandia) za nailoni huwaka kwa kuyeyuka na kugandana na ngozi. Mwenye nywele hizo azifunge nyuma, na aliye nyuma yake aache mita moja na nusu. Umbali huo huo utumike kwenye maandamano. Usimvalishe mtoto nguo za mabaka ya kijeshi kwa kudhani unamheshimu baba yake. Raia haruhusiwi kuvaa sare ya jeshi, na askari wa zamu hataangalia umri. Raia pia hapigi saluti. Wanaume huvua kofia, mshumaa unakaa mkono wa kushoto, wa kulia unabaki huru kwa kusalimia au kuwekwa kifuani wakati wa wimbo wa taifa. Kamera izimwe karibu na kambi.

Watoto wadogo wapewe taa ya betri. Wakubwa nao, wapo wasiotaka mshumaa. Baadhi ya makanisa ya uamsho huona kuwasha mshumaa kwa ajili ya wafu ni jambo lisilofaa, na Mwislamu anaweza kutaka kusoma dua tu. Wawe na ua, au wasimame mikono mitupu. Kumlazimisha mtu mshumaa mbele ya kamera ni kumfanya pambo. Ni vizuri padri, mchungaji na imamu waambiwe mapema kila mmoja ana dakika 3, wakiwa wamejua nani anaanza, vinginevyo sala ya kwanza itakula jioni yote.

Kwa wajane na wazazi, viti vya mbele, maji, na mama wawili wenye moyo wa subira kando yao. Mtu akianza kulia kwa sauti, msimnyamazishe. Msomaji anangoja, kisha anaendelea na jina linalofuata. Ukifika kutoa pole, "Pole sana, mama" inatosha, kwa mikono miwili. Usiulize alikufaje, na usianze kusimulia ulichosikia kuhusu vita vile. Mchango unaingia kwenye bahasha yenye jina lako na kuandikwa kwenye daftari la kamati, haupitishwi mkononi mwa mjane mbele ya shemeji zake.

Baada ya majina huja tarumbeta ya kuwaaga wafu, kisha dakika moja ya kimya. Dakika hiyo huharibiwa na jenereta. Iwekeni mita 30 au zaidi, upande upepo unakoelekea, na mtu asimame kando yake ili aizime tarumbeta inapomalizika. Mikro ya betri itoshe kwa yaliyobaki. SNEL, shirika la umeme, msiitegemee.

Usalama wa moto: ndoo 4 za mchanga na ndoo 4 za maji, kila pembe moja moja, na mtu anayejulikana kwa kila pembe. Mchanga ni wa nta inayowaka. Nta ikishika moto kwenye sinia au mtungi, usiimwagie maji kamwe. Maji huchemka mara moja chini yake na kurusha moto juu. Ifunikeni kwa mchanga au mfuniko. Maji ni ya nguo, majani na ngozi. Aliyeungua apitishiwe maji safi ya kawaida kwa dakika 20, nta iliyogandana isivutwe kwa nguvu, na hakuna dawa ya meno wala mafuta ya kupikia.

Kuzima nako kuna utaratibu. Watu 200 wakipuliza kwa pamoja, nta inaruka usoni na moshi unakaba wazee. Kila safu ipite kwenye ndoo ya mchanga, mshumaa uchomekwe kichwa chini, uachwe humo humo. Vijana wabaki kuangalia mpaka mitungi ya makaburini nayo izimwe. Mitungi isiyo na mlinzi haiachwi ikiwaka usiku wa kiangazi.

Kesho yake asubuhi, nta ikiwa ngumu kwa baridi, mawe ya kaburi yakwanguliwe kwa kipande cha mbao. Kisu huchora marumaru. Kwenye kikwembe, kwangua kwanza, kisha weka karatasi ya kaki chini na juu, pitisha pasi ya moto kidogo, ukibadilisha karatasi kila inapolowa. Gazeti usitumie, wino wake huhamia kwenye kitambaa. Vipande vya mishumaa chujeni mchanga, yeyusheni kwenye kopo lililo ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya mkaa moja kwa moja, na mimineni kwenye mitungi ile ile ya kioo ikiwa imepashwa joto kidogo, utambi mpya ukiwa umeshikiliwa katikati na kijiti.